Ugunduzi wa Mali kwenye Kompyuta Kuu: Mashine Inajijua, Kazi ni Kuiuliza

Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga. Kwenye kompyuta kuu (mainframe) mambo huenda kinyume kidogo, kwa sababu mali yenyewe haipotei. Programu iliyowekwa miaka 20 iliyopita ingali kwenye diski, leseni yake ingali inalipiwa, na hakuna anayethubutu kuifuta maana hakuna anayejua kama bado ina mtumiaji. Kilichopotea ni habari zake. Aliyeiweka amestaafu, na jedwali alilokuwa akilijaza kwa mkono halijaguswa tangu aondoke.

Mrundikano huo una asili yake. IBM ilipotangaza System/360 tarehe 7 Aprili 1964, ilitoa ahadi moja kubwa: programu iliyoandikwa kwa mashine moja ya familia hiyo ingeendeshwa pia kwenye mashine nyingine za familia. Ahadi hiyo imerithiwa kizazi hadi kizazi. Ndiyo maana programu ya miaka ya 1980 iliyoandikwa kwa COBOL, lugha kongwe ya programu, inaweza kuendeshwa leo kwenye z16, mashine ya mwaka 2022, bila kuandikwa upya. Ni sifa njema sana. Lakini mahali ambapo hakuna kinacholazimishwa kuondoka, vitu hujaa, na kuvihesabu kwa mkono huwa kazi isiyokwisha.

Wanaoidai hesabu hiyo ni wengi. Mwenye leseni anataka kujua bidhaa zake ziko kwenye mashine zipi. Mkaguzi anataka orodha ya mifumo inayoshika data za wateja. Umoja wa Ulaya, kupitia kanuni ya DORA iliyoanza kutumika tarehe 17 Januari 2025, unazitaka taasisi za fedha zitambue na kuandika mali zao za teknolojia pamoja na utegemeano wake, na kompyuta kuu haikusamehewa. Mwezi Desemba 2021, udhaifu wa Log4j ulipotangazwa, swali lilikuwa la dharura: maktaba hii ya Java tunayo wapi? Waliodhani kompyuta kuu ni COBOL tupu walikumbushwa kwamba z/OS, mfumo endeshi mkuu wa mashine hizi, ina upande mzima wa UNIX, na upande huo una Java tele.

Ugunduzi wa kiotomatiki ndio jibu la maswali hayo yote kwa pamoja. Ni programu inayozunguka kwa ratiba, ikikusanya kilichopo na namna kinavyohusiana, kisha ikakiandika kwenye hifadhidata ya usanidi, ile ambayo mashirika mengi huiita CMDB. Kuisakinisha programu hiyo si kazi ngumu. Ugumu uko kwenye kuamua unauliza nini, unamuuliza nani, na utavitambuaje vitu ulivyoambiwa.

Kwa nini mbinu ya seva haifui dafu

Kwenye seva za kawaida njia imeshazoeleka. Unakipa chombo safu ya anwani za IP, kinagonga kila anwani, kinaingia kwa SSH, kinatoa amri chache na kuandika: seva hii, mfumo endeshi huu, programu hizi. Anwani moja, mashine moja, rekodi moja. Timu nyingi huchukua chombo hichohicho, zikaongeza anwani za kompyuta kuu kwenye safu, halafu zikapata rekodi chache zilizoandikwa kwamba aina ya mfumo haijulikani.

Shida ya kwanza ni tabaka. Chini kabisa kuna chuma chenyewe, ambacho IBM hukiita CPC. Juu yake PR/SM, programu ya kugawa iliyo ndani ya mashine yenyewe, hukigawa kuwa LPAR, yaani vigawanyo vinavyojitegemea, ambavyo kwenye z16 kubwa vinaweza kufika 85. Kila LPAR ina mfumo endeshi wake: z/OS, z/VM, z/TPF au Linux. Ndani ya z/OS kuna mamia ya maeneo ya kumbukumbu, kila moja likiendesha kazi yake, na ndani ya baadhi yake wamo wale wanaoibeba biashara yenyewe: CICS na miamala, Db2 na IMS na hifadhidata, MQ na foleni za ujumbe. CICS moja peke yake inaweza kushika maelfu ya programu. Kisha inakuja sysplex, inayounganisha hadi mifumo 32 ya z/OS ifanye kazi kama mfumo mmoja, nayo haijali mipaka ya chuma. Kundi moja la Db2 linaweza kuwa na wanachama kwenye LPAR nne, zilizo ndani ya CPC mbili, katika majengo mawili. Ukiichora hali hii kama mti wenye shina na matawi umekosea kabla hujaanza. Ni wavu.

Shida ya pili ni anwani zenyewe. z/OS hutumia anwani za IP ambazo hazikufungwa kwenye kadi yoyote ya mtandao, ziitwazo VIPA, na zile za aina ya DVIPA huhama zenyewe kwenda mfumo mwingine pale mfumo uliokuwa nazo unapoanguka au kazi inapohamishwa. Chombo kinachoamini kwamba anwani ndiyo mashine kitaandika kwamba seva imebadilika, au kitazalisha rekodi mpya kila anwani inapohama. Kutafuta idadi ya mifumo ya kompyuta kuu kwa kuhesabu anwani ni sawa na kutaka kujua watu wa nyumba kwa kuhesabu milango. Tena, huduma ya mawasiliano ya z/OS ina kitambuzi cha uvamizi. Mahali kilipowashwa, kugonga poti moja baada ya nyingine kutaripotiwa kama hatua ya kwanza ya shambulio, na ni haki yake kuripoti hivyo.

Kuuliza kutoka ndani

Habari njema ni kwamba z/OS inajijua kwa undani ambao mifumo michache inaufikia. Kwenye kumbukumbu yake, anwani ya 16 hushika kielekezi cha jedwali liitwalo CVT. Kutoka hapo unafuata mnyororo wa majedwali hadi kwenye orodha ya mifumo midogo iliyosajiliwa, kama Db2 na MQ, na ya kazi zote zinazoendelea, na sehemu kubwa ya majedwali hayo husomeka bila ruhusa maalumu. Asiyetaka kupita huko atatumia amri za opereta. D IPLINFO husema mfumo uliwashwa lini na ni toleo gani. D SSI hutaja mifumo midogo, D PROD,REG hutaja bidhaa zilizojisajili, D XCF,S,ALL hutaja wanachama wa sysplex, na D PROG,APF huorodhesha maktaba zilizopewa mamlaka ya juu kabisa.

Kwa hiyo vyombo vinavyoifanya kazi hii vizuri huuliza kutoka ndani. IBM ina Z Discovery Library Adapter, inayokusanya habari ndani ya z/OS na kutoa faili za XML za muundo wa IdML, ambazo hupakiwa kwenye hifadhidata ya usanidi. BMC ina wakala anayekaa ndani ya z/OS na kuwasiliana na BMC Discovery iliyo nje. Ukitaka kuandika chako, unaweza kuendesha amri za D kutoka REXX, lugha ya skripti ya z/OS, na kuyachambua majibu. Inawezekana kabisa, ila ujue kwamba maandishi ya majibu hubadilika toleo likibadilika, na kazi ya kuyafuatilia itakuwa yako daima.

Wakala wa ndani naye ana upeo wake. Anaijua LPAR yake na sysplex yake, lakini picha ya chuma chote, yaani LPAR zipi zimeainishwa, zipi zimezimwa, prosesa ngapi za aina gani zimegawiwa nani, iko kwenye HMC, kituo cha kusimamia mashine. HMC ina API ya wavuti ambayo lazima iwashwe kwanza na mtumiaji apewe ruhusa. Kwa wanaotumia Python ipo maktaba huria iitwayo zhmcclient inayorahisisha mazungumzo hayo. LPAR iliyozimwa haiwezi kujibu wakala yeyote. HMC peke yake ndiyo itakayokuambia kwamba ipo. Usiiruke hatua hii.

Ipo, inaendeshwa, au inatumika?

Hapa ndipo miradi mingi huchanganyikiwa, kwa hiyo tuende taratibu. Mtu akiuliza "bidhaa hii tunayo?" anaweza kuwa anauliza maswali matatu tofauti, na kila swali lina chanzo chake cha jibu.

Swali la kwanza ni kama ipo kwenye diski. Jibu hupatikana kwa kuzipitia maktaba za programu na kulinganisha majina na saini za moduli na katalogi ya bidhaa zinazojulikana. IBM Z Software Asset Management hufanya hivyo: sehemu yake moja hupekua diski, nyingine hufuatilia moduli zinazoitwa. Upekuzi huu ni mzito, na una mtego ambao anayetoka kwenye ulimwengu wa Linux hautarajii. Data ambazo hazijaguswa muda mrefu huhamishiwa na mfumo kwenye kanda au hifadhi ya bei nafuu, na katalogi huandika neno MIGRAT mahali pa jina la diski. Chombo kisichojua jambo hili kitajaribu kuzifungua, na kila jaribio litaamuru data zirudishwe. Usiku mmoja unatosha kujaza diski kwa vitu ambavyo hakuna aliyevihitaji. Hakikisha chombo chako huziruka, lakini kikiandika kwamba zipo. Na kisiishie kwenye maktaba za kale: kipekue pia faili za upande wa UNIX, maana Log4j isingeonekana kamwe kwenye maktaba za moduli.

Pia kuna SMP/E, daftari rasmi la usakinishaji, linaloandika kila bidhaa kwa alama yake ya FMID na kila rekebisho lililowekwa. Linategemeka, ila linaeleza kile kilichosakinishwa kwenye nakala fulani ya maktaba. Kama nakala hiyo ilinakiliwa tena kwenda kwenye diski nyingine na mfumo ukawashwa kutoka huko, daftari halina habari.

Swali la pili ni kama inaendeshwa sasa. Hilo hujibiwa na kumbukumbu hai, na ndilo wakala analolijibu vizuri zaidi. Hata hivyo "sasa" ni neno finyu. CICS ya kufunga hesabu za mwezi inaweza kuwashwa siku mbili tu kila mwezi. Ugunduzi wa kila Jumapili usiku unaweza usiione hata mara moja, na ripoti ikasema haipo.

Swali la tatu ni kama inatumika, na hapa SMF haina mpinzani. SMF ni rekodi ambazo z/OS hujiandikia yenyewe saa zote: aina ya 30 hueleza kila kazi na rasilimali ilizotumia, aina ya 89 hueleza matumizi ya bidhaa zilizojisajili, aina ya 110 hutoka CICS, aina ya 101 hutoka Db2, aina ya 119 hueleza mawasiliano ya mtandao. Tangu z/OS V2R3 ya mwaka 2017, zERT, kifuatiliaji cha usimbaji cha z/OS, huandika ndani ya 119 ni miunganisho ipi imelindwa kwa usimbaji fiche na kwa itifaki gani. Rekodi hizi hukusanywa tayari kwenye mifumo mingi kwa sababu za malipo na za usalama. Ningeanzia hapa kabla ya kununua chombo chochote, kwa kuwa ushahidi wa nani anamtegemea nani umeshaandikwa. Kama data zilizohifadhiwa zinatosha, chukua miezi 13, ili kazi zinazofanyika mara moja kwa mwaka zisiponyoke.

Kitu kimoja zaidi hukaa katikati ya maswali haya. Opereta anaweza kuongeza maktaba kwenye orodha ya APF kwa amri ya SETPROG, mfumo ukiwa unaendelea, bila kuiandika kwenye PARMLIB, maktaba ya mipangilio ambayo mfumo huisoma unapowashwa. Badiliko hilo linaishi kwenye kumbukumbu hadi mfumo utakapowashwa upya, kisha linatoweka na programu iliyolitegemea inaanguka. Ugunduzi unaosoma pande zote mbili, kumbukumbu hai na PARMLIB, huonyesha tofauti hizo kabla hazijaleta maafa. Binafsi naona hii ndiyo faida inayodharauliwa kuliko zote, maana haihusu leseni wala ukaguzi. Inamwokoa mhandisi wa zamu.

Utambulisho

Rekodi mbili zinahusu kitu kimoja lini? Ukilijibu vibaya swali hili, hifadhidata yako itajaa mapacha ndani ya miezi michache.

Jina la mfumo wa z/OS lina herufi zisizozidi 8, kitambulisho chake cha SMF kina 4, na jina la Db2 lina 4 pia. Kwa majina mafupi hivyo, kugongana ni lazima. Mashirika mawili yakiungana, kila moja linaweza kuja na Db2 yake iitwayo DB2P. Kwa hiyo jina la Db2 pekee lisiwe ufunguo wa kutambulisha rekodi kamwe. Ufunguo uwe na jina la sysplex, la mfumo, na la mfumo mdogo, yote kwa pamoja. Na kundi la Db2 lenye wanachama wengi lipate rekodi yake lenyewe, wanachama wakiunganishwa nalo.

Vipi kuhusu nambari ya chuma? Wengi huiingiza kwenye ufunguo wa mfumo kwa sababu ni ya kipekee. Nashauri wasifanye hivyo. z/OS huhama: mashine ya zamani ikibadilishwa na mpya, mfumo uleule huwashwa kwenye CPC nyingine, na kwa macho ya biashara ni mfumo uleule. Nambari ya chuma iwe uhusiano, "unaendeshwa juu ya", wala isiwe sehemu ya jina. Tatizo linabaki kwenye mazoezi ya kujikinga na majanga, pale nakala kamili ya mfumo, yenye jina lilelile na sysplex ileile, inapowashwa kwenye kituo cha pili huku ule wa asili ukiendelea. Wakala aliyenakiliwa pamoja nao ataanza kutuma taarifa kwa bidii yake yote. Dawa ni sheria upande wa mpokeaji: taarifa zikija kutoka CPC ya kituo cha pili wakati wa zoezi, ziwekwe kando hadi mtu azikague.

Nambari ya chuma ina kazi nyingine muhimu, nayo ni kuwa daraja. Ndani ya z/OS, amri ya D M=CPU hutaja aina ya mashine, modeli, nambari yake na jina la LPAR. Ndani ya Linux iliyo kwenye mashine hiyohiyo, faili /proc/sysinfo hutaja aina, nambari na jina la LPAR, na kama Linux hiyo inaishi juu ya z/VM, yaani kama mgeni wake, hutaja pia jina lake la mgeni. Upande wa Linux unaweza kugunduliwa kwa SSH kama seva yoyote, ilimradi faili hii isomwe. Hapo ndipo Linux, z/OS na taarifa za HMC hukutana kwenye chuma kimoja, ambacho aina yake huandikwa 8561 ikiwa ni z15 kubwa, 3931 ikiwa ni z16 kubwa. Idadi ya sifuri mwanzoni mwa nambari hutofautiana kati ya vyanzo, kwa hiyo zisawazishe kabla ya kulinganisha.

Ruhusa, na gharama ya kuuliza

Mlinzi wa z/OS, awe RACF, ACF2 au Top Secret, anataka kila kinachoendeshwa kiwe na mwenyewe. Mpe wakala mtumiaji wake pekee, asiyeweza kuingia kwa nywila. RACF humwita PROTECTED. Mpe ruhusa ya kusoma amri za kuonyesha tu, kupitia daraja la OPERCMDS na wasifu wa MVS.DISPLAY, na asiwe na njia ya kutoa amri ya kubadilisha kitu. Kama muuzaji anasema wakala wake lazima awe na mamlaka ya APF, mwombe aeleze kwa maandishi ni kwa ajili ya kusoma kitu gani, kwa sababu programu yenye APF inaweza kuvuka kizuizi chochote cha mfumo. Sababu nzuri zipo. Wahandisi wa usalama wana haki ya kuziona.

Matokeo yenyewe pia ni siri. Orodha ya maktaba za APF, poti zilizo wazi na matoleo yasiyorekebishwa ni ramani kwa mvamizi. Yasafirishwe kwa njia iliyosimbwa, ambayo AT-TLS, huduma ya usimbaji ya z/OS, huiweka bila kubadilisha programu, na CMDB isiwaonyeshe wote wenye akaunti.

Gharama nayo ina sura yake. Kwa mikataba mingi ya IBM, bei ya programu ya mwezi hufuata kilele cha wastani wa saa 4 unaosogea, ambacho ripoti ya SCRT hukikokotoa kutoka rekodi za SMF. Upekuzi mzito ukifanyika wakati wa kilele unaweza kukipandisha, na ugunduzi uliokusudiwa kupunguza gharama za leseni ukaziongeza. Upange mbali na saa hizo, na umwelekeze WLM, msimamizi wa vipaumbele vya kazi ndani ya z/OS, auweke kwenye daraja la chini kabisa la kipaumbele, utumie mabaki ya prosesa tu. Taarifa za kumbukumbu hai ni nyepesi na zinaweza kukusanywa kila siku; diski zipekuliwe mara moja kwa mwezi.

Jambo dogo linalokwamisha wengi mwanzoni: z/OS huandika kwa EBCDIC, mfumo wa kusimba herufi ulio tofauti na ule wa seva za kawaida. Faili ya XML ikitumwa kama data ghafi itafika ikiwa haisomeki, na ikigeuzwa mara mbili itaharibika vilevile. Amueni mapema ni upande upi unaogeuza.

Anza na LPAR moja ya majaribio na uwape matokeo wahandisi wa mifumo wanaoijua kwa moyo. Watakuambia ndani ya saa moja kipi kimekosekana. Kisha panua kwa sysplex, maana nusu ya uhusiano hauonekani mpaka wanachama wote wawe wameuliziwa.

Sheria ya mwisho ya kukubaliana kabla ya kuwasha ratiba ni ya kufuta. Chombo kilichozoea seva hufuta rekodi ambayo haikuonekana kwa siku kadhaa. Kwenye kompyuta kuu, kutoonekana kunaweza kumaanisha LPAR imezimwa hadi mwisho wa mwezi, wakala hakuwashwa baada ya mfumo kuanza upya, au ruhusa imebadilishwa. Rekodi iwekwe alama kwamba haijaonekana tangu tarehe fulani, HMC na SMF viulizwe, na kuifuta kuwe uamuzi wa mtu mwenye jina.